Zaburi ya Ngurumo Yatoka Wapi?

Hapa Morogoro nimesikia waalimu wawili wakishindana juu ya Zaburi ya 29, ile isifuyo sauti ya Mungu katika ngurumo. Mmoja alisema hapo kwanza iliimbwa kwa Baali, mungu wa mvua wa Wakanaani. Mwenziwe alichukizwa, akauliza: Je, tuwafundishe watoto wetu wimbo wa sanamu? Swali hili lastahili jibu.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1928 mkulima wa pwani ya Siria alikuwa akilima, plau yake ikagonga jiwe lililofunika kaburi la kale. Mwaka uliofuata Wafaransa walianza kuchimba karibu na hapo, Ras Shamra, wakafukua mji wa Ugariti, ulioangamia yapata mwaka 1200 kabla ya Kristo. Humo mlikuwa na vibao vya udongo vyenye mashairi ya Baali, mpanda mawingu, angurumaye juu ya milima.

Mwaka 1935 mtaalamu wa Kiyahudi, H. L. Ginsberg, alisema kwamba Zaburi ya 29 ilikuwa wimbo wa namna hiyo kabla ya kuwa ya Waisraeli. Na kweli, Lebanoni na Sirioni zitajwazo ndani yake ni milima ya kaskazini. Wengi walimfuata. Lakini Peter Craigie, mwaka 1972, alijibu kwamba ni wimbo wa Israeli wenyewe, wa kushangilia ushindi, uliotumia maneno ya jirani. Kichwa chake chamtaja Daudi, na wataalamu wengi huihesabu miongoni mwa zaburi za kale sana. Ila kibao chenye zaburi hii hasa, kwa jina la Baali, hakijaonekana.

Sisi tukaao chini ya Uluguru twaweza kulielewa shauri hili. Mawingu ya bahari hupanda milima yetu, radi hupiga, na mito ya Ruvu na Ngerengere hujaa. Tangu zamani watu walimwendea Kingalu wa Kinole kwa ajili ya mvua. Nasi Wakristo twaomba mvua ile ile, kwa maneno ya lugha ile ile. Hata jina Mungu halikuletwa na wamisionari: lilikuwako katika Kiswahili, na Mulungu katika lugha nyingi za bara, kabla Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844. Hatukulitupa kwa kuwa ni la kale. Twalitumia kumwita yule tumwaminiye.

Basi, ikiwa mwimbaji wa Israeli alitwaa wimbo wa jirani, alifanya kama tulivyofanya sisi. Tena alifanya kwa uangalifu mwingi: katika aya 11 tu, jina la Bwana latajwa mara 18. Hakumwachia Baali nafasi hata kidogo.

Kwa hiyo, waalimu, msiwafiche wanafunzi mashindano haya. Waelezeni hoja za pande zote mbili. Nanyi wazazi, masika yanapofika na ngurumo zinaposikika mlimani, isomeni zaburi hii nyumbani, watoto wakilihesabu jina hilo kwa vidole.