Ngazi Haipandwi kwa Kuruka

Somo la Hisabati lina tabia moja ambayo masomo mengine hayana kwa kiasi kile kile: halisahau. Mwanafunzi aliyekosa vipindi vya Vita vya Majimaji kwa sababu ya malaria aweza kupona, akarudi darasani na kulielewa Azimio la Arusha bila taabu kubwa. Lakini aliyekosa kuelewa sehemu atakutana nazo tena katika aljebra, katika jometri na katika hesabu za faida na hasara. Kila akutanapo nazo atadaiwa deni lile lile, nalo limekwisha kuongezeka riba.

Nimefundisha somo hili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini, na nikiulizwa nimejifunza nini, nitajibu kwamba makosa ya Kidato cha Nne ni nadra sana kuwa ya Kidato cha Nne. Chukua mfano mmoja. Mtoto wa Kidato cha Kwanza anaambiwa ajumlishe 1/2 na 1/3. Anajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, anapata 2/5. Mwalimu anapiga alama ya kosa, anaandika 5/6 ubaoni, na darasa linaendelea. Mwaka unaofuata mtoto huyo huyo anakutana na 1/x kujumlisha 1/y, naye anaandika 2/(x + y). Akifika Kidato cha Nne anaambiwa atafute saini ya jumla ya pembe mbili. Anachukua saini ya nyuzi 30, anaijumlisha na saini ya nyuzi 60, kisha anaridhika kwamba amepata saini ya nyuzi 90. Hiyo aliyopata inazidi 1, jambo ambalo haliwezekani kabisa, lakini yeye hashtuki. Kwa macho ya msahihishaji haya ni makosa matatu ya mada tatu. Kwa macho yangu ni mazoea mamoja yaliyopanda ngazi pamoja na mtoto: ishara ya kujumlisha ikionekana, kila kitu hujumlishwa, bila kujiuliza kama jibu lina maana.

Dawa ya mazoea hayo haikuwa katika kanuni. Ilikuwa katika swali dogo ambalo lingeulizwa siku ile ya kwanza: "Ulikuwa na nusu chapati. Ukaongezewa theluthi. Sasa unasema una 2/5, na 2/5 ni pungufu ya nusu. Je, aliyekuongezea alikunyang'anya?" Darasa hucheka. Katika kicheko hicho mtoto huanza kujenga kitu ambacho kitamfaa miaka yote minne, nacho ni desturi ya kulitazama jibu lake kwa mashaka kidogo kabla ya kulipigia mstari.

Kwetu Tanzania kuna ugumu mwingine unaomkuta mtoto mlangoni. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Mtoto aliyejua vyema kiasi na asili, namba tasa, na kigawe kidogo cha shirika, anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta vitu vyote hivyo vimebadilishwa majina. Mara nyingi hajui kwamba ni wale wale aliowazoea. Anadhani ni wageni, naye anaanza upya mahali ambapo angeweza kuendelea. Kwa hiyo desturi yangu imekuwa kuandika majina yote mawili ubaoni bega kwa bega, na kumwambia mtoto: "Hiki unakijua. Kimevaa nguo nyingine tu."

Sitaki kulaumu silabasi. Ile iliyotoka mwaka 2005 ilipangwa kwa busara zaidi ya tunavyoikiri. Jometri ya majira ilianza Kidato cha Kwanza na kurudi Kidato cha Nne. Mzingo na eneo vivyo hivyo. Trigonometria ilionja mlango Kidato cha Pili, kisha ikaja kwa ukubwa wake mwaka wa mwisho. Huu si usahaulifu wa waandishi. Jerome Bruner, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1960 kwamba mawazo makuu ya somo yafundishwe mapema kwa namna nyepesi, kisha yarudiwe kila ngazi kwa kina zaidi. Ni kama kuzunguka mlima. Unapita upande ule ule mara nyingi, lakini kila mara uko juu zaidi, na bonde unaliona vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba kila mwaka mwanafunzi hukabidhiwa kwa mwalimu mwingine, na mwalimu huyo humwonyesha bonde lile kana kwamba halijapata kuonekana.

Katika shule nyingi nilizozijua, mwalimu hodari na mzoefu hupewa Kidato cha Nne, kwa kuwa ndilo darasa la mtihani. Mgeni aliyetoka chuoni juzi hupewa Kidato cha Kwanza. Miaka kadhaa iliyopita niliomba kinyume chake: nipewe Kidato cha Kwanza na niruhusiwe kupanda nacho hadi mwisho. Ombi lilikubaliwa kwa shingo upande. Mwezi wa pili haujaisha, mwalimu wa taaluma akaniita. Azimio la kazi lilionyesha kwamba nilipaswa kuwa nimemaliza desimali na asilimia, nami nilikuwa bado kwenye sehemu.

"Mwalimu mwenzangu," akaniambia, "wathibiti ubora wakija nitawaeleza nini?"

Nikamjibu kwamba tukiziba ufa sasa hatutajenga ukuta baadaye. Hakuridhika, wala simlaumu, kwa kuwa yeye ndiye angeulizwa. Tuliafikiana kwamba nitalipa siku nilizokopa kabla mwaka haujaisha. Nililipa, na sababu ilikuwa nyepesi: asilimia ni sehemu yenye asili ya mia, na darasa lililoelewa sehemu halihitaji wiki tatu kuambiwa hilo.

Kidato cha Pili tulitoka nje saa nne asubuhi, jua likiwa kali. Kijiti cha mita 1 kilitoa kivuli cha sentimita 80. Mlingoti wa bendera ulitoa kivuli cha mita 6. Bila mtu kupanda juu, darasa likatangaza kwamba mlingoti una mita 7 na nusu. Niliwauliza ni mada gani tumeitumia. Wengine wakasema pembetatu zinazofanana, wengine uwiano. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Ni zile sehemu, mwalimu." Nilifurahi kuliko kama angenipa jibu la kitabuni. Baada ya hapo saini na tanjenti hazikuwa miujiza, bali majina ya uwiano wa pande za pembetatu.

Kidato cha Tatu tulitazama Dunia kama tufe. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, Lindi karibu nyuzi 10, na miji yote miwili inakaribia kuwa katika mstari mmoja wa kaskazini hadi kusini. Basi umbali wake ni 5/360 ya mzingo wa Dunia, yaani takriban kilomita 560. Sehemu tena! Kidato cha Nne uwezekano ukaja, nao ni sehemu. Mteremko wa mstari ukarudi, nao ni sehemu. Hapo sikuwa nafundisha kitu kigeni. Nilikuwa namtambulisha rafiki wa zamani kwa cheo chake kipya.

Kulikuwa na binti mmoja aliyenijia mwishoni mwa Kidato cha Pili, wakati wa kuchagua mchepuo. "Fizikia naipenda," alisema, "lakini hesabu sikuumbiwa. Naomba niende sanaa." Aliyafikia maneno hayo kwa sababu ya logarithimu, ambazo zilimchanganya. Sikubishana naye. Nilimpa karatasi, tukaanza kushuka ngazi moja moja tukitafuta kipandio kilichovunjika. Logarithimu zilisimama juu ya vipeo, tukaenda kwenye vipeo. Kipeo cha tatu cha 2 alikijua: 8. Cha pili: 4. Cha kwanza: 2. Cha sifuri: alikariri kwamba ni 1. Cha hasi moja akasema hasi mbili. Ndipo nikamwambia aandike majibu yake kwa mfuatano: 8, 4, 2, 1. "Kila hatua kinatokea nini?" Akatazama. Akasema kinagawanywa kwa mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika 1/2, na baada yake, bila kuulizwa, 1/4. Tulichukua kama dakika ishirini. Hakuwa na upungufu wa akili. Kipandio kimoja kilikuwa hakipo, naye alikuwa akilaumu miguu yake.

Alibaki sayansi. Alama zake za mwisho hazikuwa za kuandikwa gazetini, ila alifaulu, tena kwa jasho lake. Wako wenzake ambao hawakufaulu. Darasa la watoto hamsini na zaidi halimpi mwalimu dakika ishirini kwa kila mmoja, na atakayedai kuwa njia hii huwaokoa wote anawadanganya wazazi. Lakini wale waliofeli walijua walipofelia, na mtu anayejua alipoangukia aweza kurudi akainuka.

Ningeombwa ushauri na wakuu wa shule, ningesema mambo machache. Mwalimu wako bora mpe Kidato cha Kwanza. Anayekabidhi darasa amwandikie anayelipokea ukurasa mmoja: hawa wamesimama hapa, na hapa wanayumba. Na kila mada mpya ianze kwa dakika tano za kushuka kipandio kimoja chini, ili mtoto aone inapotokea.

Nawe msomaji, ambaye labda umekwisha kujihukumu kwamba hesabu hukuumbiwa, usiichukue hukumu hiyo haraka. Kaa na mwanao jioni moja, mjumlishe nusu na theluthi kwa chapati ya kweli. Huenda mkagundua kwamba kipandio kilichokosekana kwako ndicho kinachomsumbua yeye, na kwamba kukirudishia hakuhitaji kipaji, bali mtu wa kushuka nawe polepole.