Mbio za Miguu Peku, Kitale na Bungoma

Leo naweka kando lugha za kompyuta, tuongee juu ya miguu. Usiondoke bado msomaji wangu, programu moja ndogo itatokea humu ndani.

Kazi yangu ni kuandika programu, maana yake nakaa kitini saa tisa au kumi kwa siku. Mbio za asubuhi ndizo zinazonizuia nisiote mizizi. Lakini kwa miaka mitatu nimekuwa nikiumia kwa zamu: goti la kushoto, kisha ugoko, ugoko ukitulia goti linarudi. Ushauri niliopewa ulikuwa ule ule kila mara: pumzika wiki nne, tafuta raba nene zaidi. Raba za mitumba hapa Kitale ni nzuri na si ghali, basi nikawa na jozi tano chini ya kitanda, na goti linauma vile vile. Aliyewahi kusaka hitilafu kwenye programu anaijua hali hii. Umebadilisha sehemu ile ile mara tano na hitilafu haijasogea hata kidogo. Ni wakati wa kutazama kwingine.

Nikaanza kusoma. Januari 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Walipima wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa, yaani majirani zetu hapa. Waliozoea kukimbia peku, wengi wao walitua kwa sehemu ya mbele au ya katikati ya wayo, na ule mshindo wa ghafla unaopanda mguuni mtu anapotua kwa kisigino ulikuwa mdogo sana kwao. Habari hiyo ilienea duniani kama moto wa nyikani, watu wakavua viatu.

Haraka haraka! Mwaka 2013 watafiti wengine wakaenda kwa Wadaasanach, kaskazini mwa Kenya karibu na Ziwa Turkana, watu waliokua bila viatu. Wengi wao, wakikimbia kwa mwendo wanaoupenda wenyewe, walitua kwa kisigino. Kwa hiyo hakuna mtindo mmoja wa "asili" tuliouzika ndani ya raba. Naye Abebe Bikila wa Ethiopia, anayetajwa katika kila mjadala huu, alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa peku kwa saa 2:15:16, akashinda tena Tokyo 1964 akiwa na viatu, kwa saa 2:12:11. Kila upande unachukua mwaka unaoupenda.

Kilichonishawishi mimi ni jambo dogo zaidi. Ukitua kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti linapunguziwa mzigo, na mzigo huo unabebwa na shavu la mguu pamoja na kano ya kisigino. Haupotei, unahamishwa. Ni sawa na seva mbili: moja imezidiwa, unaielekeza kazi kwa ya pili. Ikiwa ya pili haijaandaliwa, nayo itaanguka. Goti langu ndilo lililokuwa limezidiwa. Mtu ambaye shida yake ni kano ya kisigino, ushauri huu ungemharibia kabisa.

Basi nilianza na dakika tano, siku tatu kwa wiki, kwenye nyasi za uwanja wa shule ya msingi jirani. Nikaongeza dakika moja kila wiki. Hapo ndipo ile programu inapoingia: simu ina kihisi cha mwendo, nikaandika mistari kama sitini ya kusoma kihisi hicho mara hamsini kwa sekunde na kuhesabu vilele. Nikiwa na raba nilipiga hatua 158 kwa dakika. Peku, bila kukusudia lolote, 174. Hatua fupi, nyingi, mguu unatua chini ya mwili badala ya mbele yake. Hakuna aliyenifundisha. Kokoto moja chini ya kisigino inatosha.

Kitale iko juu, kama mita 1,900, na asubuhi ardhi ni baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Nyumbani kwetu ni Bungoma, chini zaidi na joto zaidi, na huko tatizo ni trela za miwa: vipande vinavyodondoka barabarani vikikauka vinakata kama kisu. Huko nakimbia viatu vikiwa mkononi.

Lakini ugumu wa Bungoma si miwa, ni mama. Aliponiona mara ya kwanza aliuliza, "Mwanangu, umeibiwa?" Nilipomweleza akanyamaza, kisha akasema, "Niliuza mahindi ndiyo uvae viatu uende shule. Sasa umepata kazi, unavivua?"

Hilo halimo katika jarida la Nature. Kwa mama, miguu peku ni funza, mdudu aliyeletwa kwa meli kutoka Brazil hadi Angola mwaka 1872 akasambaa mpaka kwetu, na ambaye huwafanya watoto washindwe kutembea kwenda shule. Ni safura. Ng'ambo ya Mlima Elgon, Kapchorwa nchini Uganda, kuna matende yasiyoletwa na mbu bali na udongo wa volkeno unaopenya nyayo za wanaotembea peku miaka na miaka. Mimi navua viatu kwa nusu saa, nikijua vipo. Ningekuwa na jozi moja tu ya kuazimana na ndugu zangu, nisingeandika haya.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Nimefika kilomita sita peku, nyingine zote kwa raba nyembamba. Goti halijarudi. Shavu la kulia hulalamika nikizidisha, na nikilisikia napumzika siku mbili.

Mama bado hajakubali. Nikirudi kutoka mbioni nakuta beseni la maji na sabuni mlangoni, naye ameketi kando yake, pini mkononi, akisubiri kunikagua kidole kimoja kimoja.