Sindano Iliyokaa Upande

Waama, haraka haraka haina baraka. Nyumbani kwetu Mashuuru, cherehani ya mama ya kukanyaga ndiyo iliyotulipia karo. Januari moja, sare za wanafunzi zikiwa zimerundikana na shule zikikaribia kufunguliwa, cherehani hiyo ilianza kuruka mishono. Fundi tuliyemtegemea alikuwa Kitengela, na nauli hatukuwa nayo. Nikajitwika kazi.

Nilishuku mkanda umelegea, nikaukata kipande na kuuunganisha upya. Nikakaza skrubu ya uzi wa juu; uzi ukakatika. Nikafungua kibati cha chini ya sindano, nikatoa vumbi na nyuzi zilizosokotana, nikatia mafuta. Mishono ikazidi kuruka.

"Mwanangu, kabla ya kufungua, ulitazama nini?" mama akauliza.

Sikuwa na jibu. Akainama, akaichomoa sindano. Ubapa wake ulikuwa umeelekea siko, na mimi ndimi niliyeibadilisha siku iliyotangulia! Sindano ianzapo kupanda, uzi hufanya kitanzi kidogo, nayo ndoano ya chini hukinasa. Sindano ikikaa vibaya, ndoano hukikosa kitanzi, na mshono huruka.

Mama akaigeuza, akazungusha gurudumu kwa mkono, akashona. Sare zilikamilika usiku wa manane kwa mwanga wa koroboi.

Tangu hapo, insha yangu inapokataa kushikana, sikimbilii kuifumua yote. Huanza na neno nililolichopeka mwisho.