Kwa Mpwa Wangu, Fundi wa Rangi na Herufi

Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

 

Mama yako alinipigia wiki iliyopita, sauti nzito. Ulianza na tisheti Kariakoo, ukahamia kadi za harusi, ukaingia kwenye kurasa za programu za simu, na sasa umeacha kazi tena unataka kuchora vitabu vya watoto. Katikati ya hayo kuna gitaa unalopiga na njiwa unaowafuga. Ameniomba nikuambie ushike kimoja. Nilimsikiliza kwa heshima, maana ni dada yangu mkubwa, lakini nasaha yangu ni nyingine: katika kazi hizo zote usiionee haya hata moja, na gitaa na njiwa usiviache.

Mimi nimeandika vibao vya maduka kwa brashi tangu ujana, na kama wewe, sikukaa darasa la sanaa. Ndiyo maana namkumbuka sana Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja huku kwetu Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaenda Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani na kuhangaika na vibarua. Alipoanza kuchora, mwaka 1968, alikuwa na miaka 36 hivi. Turubai hakuwa nayo. Alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta zilizokuwa zikipakwa baiskeli. Rangi hiyo naijua, ndiyo ya vibao vyangu: haizami, inakaa juu na kung'aa, na ukizigusanisha mbili zingali mbichi zinavurugana. Ukitaka kazi safi, weka rangi tupu kwa nyuma, iache ikauke, ndipo umpandishe chui au ndege. Watu wanauita uchoraji huo mtindo, nao ni mtindo kweli, ila mimi naona kwanza mtu aliyekijua vizuri kile alichoweza kukinunua. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora miaka minne tu. Vijana aliowafundisha waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Sasa nani atasema ile miaka ya mkonge na vibarua ilimchelewesha?

Nawe hukutoka mikono mitupu popote ulipopita. Kwenye tisheti kila rangi ina fremu yake na gharama yake, kwa hiyo ulijifunza kusema mengi kwa rangi mbili. Kwenye kadi ulijifunza kwamba jina la mzee likikosewa herufi moja, shughuli nzima imeingia doa.

Nikukumbushe lile bango la kibanda cha pesa ulilonionyesha Idi iliyopita. Neno WAKALA lilikuwa limekaa kama meno yenye mapengo. W na A ya kwanza zimeachana, na pale juu ya L kabla hujaifikia A ya mwisho pangepita kidole. Kompyuta ilikuwa imepima sawasawa kila mahali, lakini jicho la mpita njia halipimi kwa rula, linapima uwazi uliobaki kati ya herufi na herufi. Tukaisogeza A ya kwanza iingie chini ya mkono wa W, ile ya mwisho ikakaribia mguu wa L, K tukaiachia nafasi kidogo. Neno likatulia. Nikakwambia pia kwamba O katika SOKO lazima izidi mstari kidogo, juu na chini, la sivyo itaonekana imedumaa. Uliyashika yote palepale, na naamini gitaa lina mkono wake hapo, kwa sababu mpigaji amezoea kusikiliza kimya kilicho kati ya sauti mbili.

Nasikia rafiki yako anakushawishi uchapishe michoro yako ya njiwa uiuze. Nakuomba ukatae. Kazi ya mteja ina haki juu yako: siku yake, bei yake, rangi aipendayo hata kama wewe huipendi. Ile michoro unayoichora asubuhi ukiwa umekaa na njiwa wako haina bwana. Hakuna atakayekurudishia akisema ongeza nyekundu. Humo ndimo unamojaribu usichokiweza bado, na kijana asiye na mahali pa kujaribu huishia kurudia kile kilichompatia hela mara ya kwanza.

Hela nazo ni lazima, kodi ya chumba haingoji. Usiguse kazi kabla ya kupokea nusu ya malipo. Makubaliano yaandikwe, japo kwa ujumbe wa simu: mabadiliko mangapi, lini, na mchoro unabaki kwa nani. Kwenye vitabu vya watoto kaza zaidi. Kabla ya kutia saini soma kama unauza mchoro wenyewe moja kwa moja, au unampa mchapishaji ruhusa ya kuuchapa tu, maana kitabu kikipendwa na shule, tofauti hiyo ndiyo riziki yako ya miaka ijayo. Mambo ya hakimiliki kawaulize COSOTA mapema, kabla kitabu hakijafika madukani. Ukipewa mkataba, nitumie nakala tuupitie pamoja kabla hujajibu.

Wasalimie wenzako.

Mjomba wako akupendaye