Koggala, kijiji cha posa iliyokataliwa

Ukitoka Galle, kusini mwa Sri Lanka, ukafuata barabara ya pwani kilomita 12 hivi, unafika Koggala. Hapa alizaliwa mwandishi Martin Wickramasinghe mwaka 1890, na maisha ya huku ndiyo aliyoyaandika katika riwaya ya Gamperaliya. Mwaka 1963 Lester James Peries aliifanya filamu ya Kisinhala.

Kisa si kigeni kwetu wazazi. Piyal, mwalimu wa Kiingereza, anampenda Nanda, binti wa nyumba kubwa. Wazazi wanamkataa kwa ajili ya ukoo, wanamwoza binti kwa Jinadasa, mtu wa hadhi yao. Jinadasa anafilisika, anaondoka kutafuta riziki na kufia mbali. Piyal, sasa tajiri, anamwoa Nanda, lakini kivuli cha mume wa kwanza hakiwaachi.

Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliwahamisha wanakijiji ili wajenge uwanja wa ndege. Nyumba ya Wickramasinghe ilisalia, na leo ni makumbusho. Ile hadhi ya ukoo haikuikinga hata nyumba kubwa ya kina Nanda. Mzazi, posa ikija, kabla hujauliza ukoo, muulize binti yako.