Pasaka ya Uhuru Chini ya Mlima Elgon

Wakazi wengi wa Kisumu wanaijua Pasaka moja tu: Ijumaa Kuu, ibada ya Jumapili, na stendi ya matatu iliyofurika watu waendao mashambani. Lakini msomaji ukivuka mpaka pale Busia na kuendelea hadi chini ya Mlima Elgon, utawakuta Waafrika wenzetu, wakulima wa kahawa na ndizi, wanaoadhimisha Pasaka ile ya Musa na Farao. Wanaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa lugha ya Kiganda, na makao yao makuu ni kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale.

Safari si ndefu. Utapita Maseno, ambako watu hupenda kushuka wapigwe picha kwenye mstari wa ikweta, kisha Luanda, Yala, Ugunja na Bumala mpaka Busia. Hapo ndipo zilipozaliwa bodaboda, enzi za baiskeli zilizowavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Ng'ambo ya pili gari hupita Tororo na jabali lake, na baada ya kilomita 45 hivi milima inaanza kuijaza dirisha.

Siku ya kwenda huamuliwa na mwezi. Pasaka ya Kiyahudi huangukia mwezi mpevu wa Machi au Aprili. Wavuvi wa omena wa pale Dunga wataelewa upesi hesabu hiyo, kwani kazi yao ya taa hutaka giza, na mwezi ukishakuwa mkubwa mitumbwi hupumzika ufuoni.

Dini hii haikuletwa Mbale na mmisionari yeyote. Ilianza na Semei Kakungulu, shujaa wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka Uganda ya mashariki akitumaini kufanywa mfalme wa huko. Hawakumfanya. Kwanza alijiunga na Wamalaki, madhehebu yaliyokataa dawa za hospitali na kushika Sabato siku ya Jumamosi. Aliendelea kuisoma Biblia mwenyewe, na alipofika kwenye amri ya tohara akaitii. Wenzake wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Naam, akajibu, basi sisi ni Wayahudi! Hayo yalikuwa mwaka wa 1919. Mwaka uliofuata alifika Myahudi mmoja aitwaye Yosefu, akakaa nao kwa miezi akiwafundisha kalenda na sikukuu. Kakungulu alifariki mwaka wa 1928, lakini wafuasi wake hawakuiacha imani.

Kisha akaja Idi Amin. Sisi wa Kisumu tunamkumbuka kwa lile dai lake la Februari 1976, kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda. (Ni kweli tulikuwa chini ya Uganda hadi 1902, lakini hilo halikuwa limetuomba turudi!) Abayudaya walimjua kwa ukali zaidi. Alipiga marufuku ibada yao, masinagogi yakafungwa, sala zikawa za kunong'onwa ndani ya nyumba. Wengi walijiunga na Ukristo au Uislamu ili wapate amani. Inakadiriwa kuwa kati ya watu 3,000 walibaki kama 300 tu.

Majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, Pasaka ilikuwa inaanza. Mtu aweza kusema ni bahati tu. Lakini kwa watu ambao kwa miaka minane walikuwa wakisimulia kwa siri habari za Farao, haikuwa rahisi kuliita jambo hilo bahati, nami siwalaumu.

Ndiyo maana karamu ya usiku huo ina uzito wa pekee Nabugoye. Kabla yake nyumba husafishwa hadi pembeni, kisibaki chochote chenye chachu. Mkate wake ni unga na maji tu, mfano wa chapati isiyo na mafuta, na tangu maji yaguse unga hadi uive zisizidi dakika 18, kwa sababu waliotoka Misri hawakuwa na muda wa kungoja unga uumuke. Kuna mboga chungu za kukumbusha utumwa, na maji ya chumvi badala ya machozi. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye huuliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine, na wazee wana wajibu wa kumjibu.

Uhuru wa serikali ulipopatikana, ukabaki ule wa kutambuliwa na ndugu wa imani. Mwaka wa 2002 marabi kutoka ng'ambo walikuja wakawapokea rasmi mamia ya watu. Wengine walisita, maana utaongokaje kuingia dini uliyozaliwa nayo? Gershom Sizomu, aliyekulia humo, alifuzu kuwa rabi huko Los Angeles mwaka wa 2008, na mwaka wa 2016 akachaguliwa mbunge. Mwaka huo huo sinagogi jipya likafunguliwa. Hata hivyo mwaka wa 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israeli ilimkatalia mmoja wao haki ya kuhamia kule kama Myahudi. Kwa majirani zao hakuna taabu hiyo: mwaka wa 2004 wakulima wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu wa eneo hilo waliungana kuuza kahawa yao katika ushirika mmoja.

Ukipata mwaliko wa kwenda, panga safari mapema, kwa kuwa Aprili ni mwezi wa mvua na barabara za vilimani huteleza. Zaidi ya yote, sahau ile desturi yetu ya kumpelekea mwenyeji mkate na sukari. Kwa siku nane hizo mkate hauingii nyumbani kwao. Chukua sukari, na matunda, na ule mkate uumalize njiani kabla ya Tororo.