Taa ya manjano ilipotusimamisha mlimani Mai Mahiu

Ikiwa wewe ni mkaazi wa Nairobi na una gari, hata likiwa kuukuu, bila shaka umewahi kuipeleka jamii yako Naivasha kupunga hewa. Na ikiwa ulirudi kwa barabara ya chini, ile ya malori, basi unaujua mlima wa Mai Mahiu. Nyuma yako unauacha Mlima Longonot wenye urefu wa mita 2,776. Kushoto ni ukuta wa mawe, kulia ni Bonde la Ufa limetandazwa kama mkeka. Mbele kuna lori linalopanda kwa kukohoa.

Jina Mai Mahiu, kwa lugha ya Kikuyu, maana yake ni maji moto. Barabara yenyewe ilijengwa na mateka Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka wa 1942 mateka hao walijenga kanisa kando yake, dogo kiasi kwamba ni waumini wachache tu wanaoweza kutoshea ndani. Lingali hapo hadi leo.

Naam, ni karibu na kanisa hilo tulipokwama Jumapili moja jioni. Tulikuwa watano garini: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi, ambaye alikuwa na miadi na daktari jijini Jumatatu saa mbili asubuhi.

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Lakini nilipokanyaga akseleta ili nilipite lori, lilitetemeka kama mtu mwenye homa, likapoteza nguvu, na ile taa ya manjano yenye umbo la injini ikaanza kumetameta. Nilipoondoa mguu, ikaacha kumeta lakini haikuzimika.

"Baba Njeri, si ulisema taa hii ilitengenezwa?" mke wangu akauliza.

Sikuwa na jibu. Wiki mbili awali gereji moja jijini ilikuwa imeizima kwa mtambo, ikapokea pesa zangu na kuniambia niende salama. Sasa giza lilikuwa likiingia, nami nikafikiria kujikokota hivyo hivyo hadi Limuru.

"Simamisha, mwanangu," mama akasema. "Daktari nitamwona hata Jumanne."

Nilitoka barabarani, nikaweka pembetatu za onyo, na jamii ikaketi mbali na magari. Msamaria mmoja alimpigia simu fundi kule chini mjini, naye akaja kwa bodaboda akiwa na kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari.

"Mzee, taa ikiwaka bila kumeta, unaweza kuendesha polepole hadi kwa fundi," akanieleza. "Ikimeta, silinda haichomi petroli. Petroli hiyo inaingia kwenye eksozi, inawaka humo na kuharibu kichujio cha moshi. Kichujio hicho ni ghali kuliko kazi hii yote."

Kwa nini basi taa ilimeta mlimani pekee? Unapokanyaga akseleta, hewa na petroli nyingi huingia kwenye silinda na shinikizo hupanda. Cheche ya plagi huhitaji umeme mwingi zaidi ili iruke. Plagi iliyolika au koili iliyopasuka huweza kufanya kazi kwenye tambarare, lakini mlima huifichua.

Kifaa kilionyesha P0303, yaani silinda ya 3 haichomi. Fundi hakukimbilia kuniuzia kitu. Alingoja injini ipoe, akahamisha koili ya silinda ya 3 hadi ya 1, na ya 1 akaipeleka kwa ya 3. Akafuta namba ile, akawasha injini na kukanyaga akseleta. Mara hii ikaja P0301. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili! Kama ungebaki kwa silinda ya 3, angechunguza plagi, kisha pua ya kupulizia petroli, na mwisho nguvu ya silinda yenyewe.

Mwenye bodaboda alitumwa mjini akaleta koili nzima iliyotolewa kwenye gari jingine. Taa ikazimika. Tulipanda mlima bila kutetemeka, na asubuhi mama alikuwa kwa daktari saa mbili kamili. Wiki hiyo hiyo nikanunua plagi mpya nne, kwani zile za zamani zilikuwa zimelika, na plagi mbovu huichosha koili.

Msomaji, kabla ya safari yako ijayo, washa ufunguo bila kuguruma injini. Taa ya injini yapasa kuwaka, kisha izimike injini ikianza. Isipowaka kabisa, huenda aliyekuuzia gari aliiondoa balbu ili kuficha ugonjwa. Na fundi akikuambia ameizima taa, muulize amebadilisha nini. Akikosa jibu, usimlipe na usipeleke watoto wako mlimani. Kuficha maradhi si kuyatibu; wahenga walisema kifo kitatuumbua.

Na ukipita pale kanisani, simama hata kama gari ni zima. Bonde lapendeza mno jua likitua.